FUNDI BAISIKELI ALIYEGAWA MALI YAKE
Maisha ya Lord Nuffield, 1877–1963



Mwezi Oktoba mwaka 2015, huko Duxford nchini Uingereza, magari mawili ya zamani aina ya Ferrari yalipigwa mnada. Ni yale magari madogo ya mbio ambayo wenye nayo huyatunza kama mtu atunzavyo vito vya dhahabu. La mwaka 1960 lilinunuliwa kwa paundi milioni 6.6, na la mwaka 1967 likafikia karibu paundi milioni 2. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki. Katika wasia wake aliwaachia magari hayo watu wa maboti ya uokoaji, wale wanaojitolea kwenda kuwatoa wenzao baharini wakati wa dhoruba, ili yauzwe na fedha zifanye kazi hiyo.

Habari hiyo yaweza kumshangaza mtu. Gari la viti viwili, lisiloweza hata kubeba gunia la mahindi, limegeuka kuwa fedha za kuokolea roho za watu. Lakini Uingereza jambo la namna hiyo halikuwa geni. Karibu miaka 80 kabla ya mnada huo alikuwako mtu ambaye viwanda vyake vilitengeneza magari ya watu wa kawaida na magari madogo ya mbio vilevile, naye akaigeuza sehemu kubwa ya utajiri uliotokana na magari hayo kuwa hospitali, vyuo na wakfu. Mtu huyo ni William Richard Morris, ambaye dunia inamkumbuka kwa jina la Lord Nuffield. Nimeombwa na Kamati yetu niandike juu ya mtu mashuhuri ambaye maisha yake yanatufaa, na nimemchagua yeye kwa sababu ambayo nitaieleza mwishoni.

Utoto na shule

Morris alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1877 katika mji wa Worcester. Alipokuwa mtoto wa miaka mitatu wazazi wake walihamia upande wa Oxford, mji wenye chuo kikuu maarufu, naye akakulia katika kijiji cha Cowley kilichokuwa jirani na mji huo. Alisoma shule ya kijiji. Tamaa yake ilikuwa kuwa daktari wa upasuaji, lakini baba yake alikuwa na ugonjwa wa pumu, afya ikazidi kudhoofika, na nyumbani hapakuwa na fedha za kumsomesha kijana miaka mingi. Akaacha shule akiwa na umri wa miaka 15.

Vijana wetu walitafakari jambo hili. Oxford ulikuwa mji wa wasomi. Kila siku kijana Morris aliwaona wanafunzi wa chuo kikuu wakipita na majoho yao meusi, naye alijua kwamba ule mlango hautafunguliwa kwa ajili yake. Hakuwahi kurudi shuleni tena. Yote aliyoyajua baadaye aliyapata kwa mikono na macho yake.

Aliingia kazini kama mwanagenzi katika duka la baisikeli. Baada ya miezi isiyozidi tisa aliomba aongezewe mshahara, bwana wake akakataa. Basi kijana akaacha kazi, na mwaka 1893, akiwa na mtaji wa paundi 4 tu, akafungua kazi yake ya kutengeneza baisikeli nyuma ya nyumba ya wazazi wake katika mtaa wa James. Miongoni mwa wateja wake wa kwanza alikuwamo kasisi wa parokia ya St Clement's, mtu mrefu sana ambaye baisikeli za dukani hazikumtosha. Morris akamuundia ya kimo chake, na baisikeli hiyo ikawa tangazo lililotembea barabarani. Yeye mwenyewe pia alikuwa mwendeshaji hodari, akashinda mbio nyingi za wilaya. Waliomwona akishinda walikuja kununua baisikeli kama yake.

Kuanguka na kuinuka

Msidhani kwamba safari yake ilikuwa ya kupanda tu. Kutoka baisikeli aliingia katika pikipiki, na kutoka pikipiki akaanza kutengeneza na kukodisha magari. Katika mwaka 1903 aliingia ubia na watu waliokuwa na fedha kuliko busara. Mwaka uliofuata biashara ikafilisika. Morris akabaki na deni, na vyombo vyake vya kazi vikapigwa mnada pamoja na mali nyingine za ubia. Ikambidi akope fedha, akasimama katika mvua kwenye mnada huo, akanunua spana na mashine zake mwenyewe. Tangu siku ile alichukia kuwa na wabia, na chuki hiyo ilimsaidia kwa miaka mingi kisha ikamponza, kama tutakavyoona. Mwaka huohuo wa 1904 alimwoa Elizabeth Anstey. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 50, lakini hawakujaliwa mtoto.

Alianza upya katika gereji yake ya mtaa wa Longwall. Mwaka 1912 aliunda kampuni ya kutengeneza magari, na mwaka 1913 gari lake la kwanza, Morris Oxford, likatoka. Kiwanda chake kilikuwa katika majengo ya zamani ya shule huko Cowley, na katika shule hiyohiyo ndimo baba yake aliposoma.

Werevu wake ulikuwa wa namna hii. Hakutaka kutengeneza kila kitu mwenyewe. Injini aliinunua kwa waliobobea katika injini, magurudumu kwa waliobobea katika magurudumu, yeye akaviunganisha. Kwa njia hiyo fedha zake hazikufungwa katika mitambo, na kiwanda kikibuni chombo bora zaidi, aliweza kukinunua mara moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza biashara ikadorora, na mwezi Januari 1921 aliuza magari 74 tu. Wenzake walikuwa wakipandisha bei ili kufidia hasara. Yeye akafanya kinyume: akashusha bei, magari mengine kwa paundi 100 nzima. Mauzo yakapanda mara kadhaa katika muda wa miezi miwili. Kufika mwaka 1925 alikuwa akitengeneza zaidi ya magari 50,000 kwa mwaka, na hakuna Mwingereza aliyemfikia.

Magari madogo ya mbio

Hapa ndipo tunapofika kwenye gari la mbio. Ile gereji ya zamani mjini Oxford iliendelea na kazi yake, ikiitwa The Morris Garages. Mwaka 1922 ilipata meneja mpya, Cecil Kimber, mtu aliyependa gari kama wengine wapendavyo farasi. Kimber alichukua magari ya kawaida ya Morris, akayaondolea uzito, akayavika mabodi mazuri ya viti viwili, akatia injini nguvu zaidi. Yakapewa herufi mbili za jina la gereji, MG, ndani ya alama ya pembe nane. Mwaka 1929 kazi hiyo ilihamia katika mji wa Abingdon, karibu na Oxford. Magari hayo hayakuwa ya matajiri wakubwa. Kijana mwenye mshahara wa wastani aliweza kuota kulimiliki moja, na wengi walilipata. Mwaka 1933 Mwitaliano Tazio Nuvolari, dereva aliyeogopwa kuliko wote wa zama zake, alishinda mashindano ya Ulster akiendesha MG.

Kampuni ya MG haikuwa sehemu ya kampuni kubwa ya Morris. Ilikuwa mali yake mwenyewe binafsi, kama vile Wolseley aliyoinunua mwaka 1927. Lakini mwaka 1935 alifanya jambo lililowahuzunisha wapenzi wa mbio. Aliziingiza MG na Wolseley katika kampuni kubwa, na idara ya mashindano ya MG ikafungwa. Wapenzi wa MG walilia. Mwaka uliofuata aliwauzia watu wa nje sehemu ya hisa za kawaida za kampuni hiyo kubwa kwa mara ya kwanza.

Haki itendeke: hakufanya hivyo kwa ajili ya sadaka peke yake. Zilikuwapo sababu za biashara na za kodi. Hata hivyo, kilichofuata katika mwaka 1936 kilionyesha mali ile ilikokuwa inakwenda.

Mwaka wa kutoa

Kutoa hakukuanza siku hiyo. Tangu miaka ya 1920 alikuwa amesaidia hospitali za London, akagharimia kiti cha uprofesa wa lugha ya Kihispania huko Oxford, na akatoa fedha ili wazazi maskini waweze kusafiri kwenda kuwaona watoto wao waliofungwa katika magereza ya vijana. Hili la mwisho ndilo linalonigusa mimi. Mtu asiye na mtoto ndiye aliyewafikiria wazazi wa watoto walioharibika. Aliijenga upya pia hospitali ya mifupa ya Wingfield, pale Oxford, ili watoto vilema watibiwe. Serikali ya Uingereza ikamheshimu, na mwaka 1934 akapewa cheo cha ulodi. Akachukua jina la kijiji alichokaa, Nuffield.

Mwaka 1936 madaktari wa Oxford walimjia na mpango wa kuanzisha shule kubwa ya utabibu katika chuo kikuu. Walitaka viti vitatu vya uprofesa: tiba, upasuaji, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Lord Nuffield akakubali kutoa paundi milioni moja na robo, lakini akataka kiti cha nne, cha dawa ya usingizi. Wasomi wakashtuka. Katika siku zile kumtia mgonjwa nusukaputi ilihesabiwa kuwa kazi ya pembeni, ambayo daktari yeyote aweza kuifanya, na hapakuwa na profesa wa fani hiyo Ulaya nzima. Walimweleza kwamba watachekwa.

Yeye alikuwa na sababu yake. Utotoni alitiwa dawa ya usingizi kwa ajili ya jino, akapata hofu ambayo hakuisahau maisha yake yote. Alipokwisha kuwa mtu mzima alifanyiwa upasuaji, na safari hii aliyempa dawa alikuwa rafiki yake wa uwanja wa gofu, Robert Macintosh, daktari kutoka New Zealand. Alilala kwa raha, akaamka kwa raha, na akashangaa kusikia kwamba kazi imekwisha. Akajiuliza kwa nini maskini asipate utulivu kama ule. Basi aliwaambia wasomi wazi kwamba bila kiti cha nne hakuna fedha. Wakakubali.

Chuo kikuu kikaitisha mkutano wa kuipokea zawadi. Wasomi wamekaa na majoho yao, na katikati yao yuko yule fundi baisikeli aliyeacha shule akiwa na miaka 15. Shughuli zikiendelea, akasimama akaomba ruhusa ya kusema. Akatangaza kwamba amefikiri tena na ameona fedha alizoahidi hazitoshi, kwa hiyo anazifanya ziwe paundi milioni mbili. Mlango ambao haukufunguliwa kwa ajili yake, aliwafungulia wengine.

Katika miezi hiyohiyo alitoa paundi milioni mbili nyingine kwa ajili ya wilaya zilizokumbwa na ukosefu wa kazi, na hisa za thamani inayozidi kiasi hicho kwa ajili ya wafanyakazi wake. Mwaka 1937 akatoa paundi milioni moja kujenga chuo kipya hapo Oxford.

Pafu la chuma

Mwishoni mwa mwaka 1938 Lord Nuffield alitazama filamu juu ya mashine ya kumpumulia mgonjwa. Ilikuwa kama sanduku refu. Mgonjwa hulazwa ndani, kichwa kikabaki nje, na hewa ya ndani ya sanduku huvutwa na kusukumwa hata kifua kikapanda na kushuka. Waliohitaji mashine hiyo hasa ni watoto waliopooza kwa polio, ambao misuli ya kupumulia imelala. Watu waliiita pafu la chuma, ijapokuwa ile iliyobuniwa na Edward Both wa Australia ilikuwa ya mbao, na rahisi kuliko zile za awali.

Mwenye kiwanda alipoitazama aliona sanduku, mota na viungio. Aliona kitu ambacho mafundi wake wa magari wanaweza kukitengeneza. Akatangaza kwamba hospitali yoyote ya Uingereza na ya himaya yake itakayoomba mashine hiyo ataipelekea bure. Baadhi ya mabingwa walimlaumu, wakisema hospitali nyingi hazina wauguzi wanaojua kuitumia. Yeye akaendelea. Mashine zipatazo 1,700 zilitoka katika kiwanda cha Cowley, kandokando ya magari, zikasambazwa.

Kazi ya yule profesa wa usingizi nayo ikazaa matunda ambayo wasomi hawakuyatazamia. Mwaka 1937 Macintosh alikwenda Hispania wakati wa vita, akalazimika kuwatia usingizi majeruhi kwa chombo duni kuliko vyote alivyovizoea. Aliporudi, akaazimia kitengenezwe chombo cha etha kinachobebeka, kisichohitaji mitungi ya gesi wala umeme. Chombo hicho kilitengenezwa katika kiwanda cha Morris kwa ajili ya majeshi katika Vita Kuu ya Pili. Katika miaka ya 1950 idara hiyohiyo ikatoa chombo kingine bora zaidi, kinachoitwa EMO, ambacho mgonjwa huvuta hewa ya kawaida ikipita juu ya etha. Kwa kuwa hakikutaka umeme wala gesi ya mitungi, kilienea katika hospitali za wilaya na za misheni za Afrika, zikiwemo za kwetu Afrika Mashariki, kikatumika kwa miongo mingi.

Makosa yake

Si desturi njema kumpaka marehemu mafuta mwili mzima. Lord Nuffield alikuwa na makosa, na baadhi yake makubwa. Alimpa mwanasiasa Oswald Mosley paundi 50,000 za kuanzishia chama kipya. Mosley baadaye aligeuka kuwa kiongozi wa mafashisti wa Uingereza. Fedha zilitolewa kabla ya hapo, lakini fedha ikishatoka mkononi hairudi, na jina la aliyeitoa hubaki limeandikwa.

Hakuvipenda vyama vya wafanyakazi. Aliwalipa watu wake vizuri, lakini hakutaka wakae naye mezani kuzungumza kama washirika. Aligombana na mameneja wake hodari mmoja baada ya mwingine. Leonard Lord aliondoka mwaka 1936, akaenda kuiongoza kampuni shindani ya Austin. Cecil Kimber, baba wa MG, aliondolewa kazini mwaka 1941, akafa katika ajali ya treni London mwaka 1945. Wakati wa vita Lord Nuffield alikabidhiwa ujenzi wa kiwanda kikubwa cha ndege za kivita, kazi ikachelewa mno, na mwaka 1940 serikali ikamnyang'anya. Gari la Morris Minor la mwaka 1948, ambalo wazee wetu walilijua katika barabara za Afrika Mashariki, yeye alilidharau tangu alipoliona mara ya kwanza. Gari hilo likaja kuwa la kwanza la Kiingereza kuuzwa milioni moja. Mwaka 1952 kampuni yake na Austin ziliunganishwa, na punde si punde usukani ukashikwa na yuleyule Leonard Lord aliyeondoka kwa ugomvi.

Hata katika kutoa aliteleza. Kile chuo cha mwaka 1937 alikitaka kiwe cha uhandisi na biashara. Wakuu wa chuo kikuu wakamshawishi kiwe cha elimu ya jamii na siasa. Aliudhika, aliona fedha zake zinawalisha watu wasioafikiana na mawazo yake. Michoro ya kwanza ya majengo nayo aliikataa. Mwenza wa kwanza rasmi wa chuo hicho, mwaka 1939, alikuwa Margery Perham, mwanamke aliyetumia maisha yake kuchunguza utawala wa nchi za Afrika, jambo ambalo Lord Nuffield hakuwa amelifikiria kabisa. Lakini hakudai arudishiwe fedha. Miaka ikapita, hasira ikapoa, na katika wasia wake akakiachia chuo hichohicho nyumba yake na mali yake iliyobaki.

Mimi naona hapo ndipo alipofaulu mtihani mgumu kuliko wote. Kutoa kitu ni rahisi kuliko kukiachia. Wengi hutoa kwa mkono wa kulia na kushikilia kwa mkono wa kushoto.

Wakfu na miaka ya mwisho

Mwaka 1943, vita ikiwa bado inapiganwa, alitoa zawadi yake kubwa kuliko zote: hisa za Morris zenye thamani ya paundi milioni 10, kuanzisha wakfu wa Nuffield Foundation kwa ajili ya utafiti wa afya, ustawi wa jamii na elimu. Jumla ya aliyoyatoa katika uhai wake inakadiriwa kuwa paundi milioni 30, na paundi ya siku zile si paundi ya leo.

Yeye mwenyewe aliishi bila makuu. Nyumba yake haikuwa kasri. Alikuwa na gari dogo la Wolseley. Chumbani mwake, ndani ya kabati la nguo, aliweka vyombo vya fundi, ili usiku usingizi ukimpaa aamke atengeneze kiatu au saa. Tajiri aliyeweza kununua saa elfu alikaa usiku kitandani akirekebisha moja. Alifariki tarehe 22 Agosti 1963. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, cheo chake kilikufa pamoja naye.

Viwanda vyake navyo havikudumu kama alivyovijenga. Kampuni iliyorithi magari yake ilidhoofika, na mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua. Kiwanda cha MG huko Abingdon kilifungwa mwaka 1980. Jina la Morris likatoweka katika magari mapya mwaka 1984. Alama ya MG yenye pembe nane leo iko mikononi mwa kampuni ya Kichina. Ile aliyoishika imepotea, lakini ile aliyoitoa ipo: chuo kipo, viti vya uprofesa vipo, na wakfu upo.

Sisi na Lord Nuffield

Sasa nieleze kwa nini nimemchagua. Sababu ya kwanza iko katika maabara ya shule yetu. Kuanzia mwaka 1962 wakfu huo uligharimia mpango mpya wa kufundisha sayansi huko Uingereza, ambapo mwanafunzi hakaririshwi kanuni bali hufanya jaribio kwa mkono wake na kuona mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi zetu tatu za Afrika Mashariki zilianzisha mpango wa sayansi wa shule za sekondari uliochota mengi humo. Kaka zetu wa miaka ya 1970 wanaukumbuka kwa herufi zake tatu, SSP, na wakikutana hawaachi kusimulia betri, balbu na vipande vya waya.

Sababu ya pili ni yangu mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilishikwa na tumbo usiku wa manane. Matroni akaamsha dereva, nikalazwa nyuma ya Land Rover ya shule, tukaenda hospitali ya wilaya. Kilikuwa kidole tumbo, nacho kilikuwa karibu kupasuka. Umeme ulikuwa umekatika. Nakumbuka taa ya karabai, harufu kali ya etha, na chombo cha mviringo chenye mpira mweusi ambao mwisho wake niliwekwa usoni. Kilichofuata sikijui. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, na Matroni amekaa pembeni anasinzia. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilikiona chombo kilekile katika picha ya kitabu cha utabibu cha mwenzangu wa chumba, na chini yake jina lake: EMO. Ndipo nilipoanza kufuatilia kimetoka wapi, na nikafika kwa mtu aliyeogopa dawa ya jino utotoni.

Hakunijua, na mimi sikumjua. Alikuwa amekufa zamani. Lakini magari yaliyouzwa kwa vijana waliopenda mwendo wa kasi yalilipa mshahara wa profesa, na chombo cha profesa kilikuwa mezani usiku ule bila kudai umeme.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lord Nuffield alikuwa na vyote viwili, kwa hiyo twaweza kujitetea kwamba yeye si mwenzetu. Lakini tuangalie alitoa nini. Alikosa udaktari, akatoa shule ya madaktari. Alikosa masomo, akatoa chuo. Aliteseka kwa dawa ya usingizi, akatoa usingizi mwema kwa watu asiowajua. Hakutafuta kilichozidi ghalani. Alitafuta mahali alipoumia.

Nasema haya nikijisema mwenyewe. Katika mkutano wetu uliopita nilileta boksi la vitabu ambavyo watoto wangu wamekwisha kuvikataa, nikapigiwa makofi. Nilipoingia maktaba baadaye nikaona boksi liko palepale, kamba haijafunguliwa, na sikumlaumu mtu. Kamati imetuomba mwaka huu tuchangie maabara, ambayo meza zake ni zilezile tulizozikuta na bomba zake hazitoi maji. Kila mmoja wetu anajua ni kitu gani alikikosa alipokuwa hapa, na kila mmoja anajua nyumbani kwake kuna nini anachokipenda kuliko haja yake. Mimi nimekwisha kukiona cha kwangu, na safari hii sitaleta boksi.

Kwenu vijana nasema hivi: siku mtakapoacha shule hii, baadhi yenu mtaacha kwa kufaulu na baadhi kwa kukosa. Aliyekosa asidhani kwamba habari yake imeishia langoni. Pale Oxford yuko aliyeishia langoni, na leo jina lake limeandikwa juu ya lango.